Harufu Inayotoboa Gunia
Mhadhara kwa wafugaji, walimu na wanafunzi, Kitale



Kuna vikapu viwili vinapita kati yenu. Kila mtu achukue jani moja katika kila kikapu. Hilo refu lililopinda kama mundu ni la mkaratusi, hii blugamu tuliyoipanda Trans Nzoia nzima, kwenye mipaka ya mashamba na kando ya barabara, hadi mgeni akadhani iliumbwa hapa hapa. Hilo dogo lenye vinyweleo ni la kivumbasi. Nimelichuma alfajiri nyuma ya jiko langu. Msiyafikiche kwanza. Yasogezeni puani tu.

Kivumbasi kimeshasema. Mkaratusi bado umenyamaza. Sasa mliokaa dirishani, inueni jani la mkaratusi mlielekeze kwenye mwanga. Mnaviona vile vitone vidogo vinavyong'aa, kama karatasi iliyofungiwa maandazi? Kila kitone ni kifuko cha mafuta kilichofichwa ndani ya nyama ya jani, na ni lazima jani livunjwe ndipo kifuko kipasuke. Vifuko vya kivumbasi viko nje, vimekaa juu ya ngozi ya jani kama vipele. Ukipita na kuvigusa kwa suruali, vinapasuka. Ndiyo maana ng'ombe akikatiza kwenye kivumbasi unajua bila kugeuka.

Haya, fikicheni.

Ukumbi mzima sasa unanuka kama duka la dawa. Mmea hauna miguu. Nzige akija haukimbii, ukungu ukitua juu yake hauna mkono wa kuupangusa. Silaha yake ni kemia, na hiyo mnayoinusa ni ghala lake la silaha mlilolivunja mlango. Sisi tumekuja baadaye, tukachukua karafuu tukatia kwenye pilau na kwenye jino bovu, tukadhani ilitengenezwa kwa ajili yetu.

Neno moja kuhusu jina. Siku hizi utasikia watu wakiyaita "mafuta muhimu". Mimi silitumii. Mtafsiri alikutana na neno la kigeni lenye maana mbili akaokota ile isiyohusika. Muhimu kwa nani? Nyumbani kwangu mafuta muhimu ni ya kupikia. Haya nitayaita mafuta ya harufu, na tofauti yake na ya alizeti unaipima kwa karatasi: dondosha tone la alizeti, doa litakuwepo hadi mwakani, dondosha tone la mkaratusi, rudi baada ya muda, doa limetoweka. Limepaa. Kumbukeni hilo la kupaa, litanitia aibu baadaye kidogo.

Jinsi ya kuyapata, watu wa Kitale na Bungoma hatuhitaji kufundishwa sana. Simtaji mtu. Lakini sufuria iliyofunikwa vizuri, mrija unaopita kwenye maji baridi, na chombo cha kukingia matone ni vifaa ambavyo chifu wa hapa amevikamata mara nyingi kuliko alivyokamata wezi wa ng'ombe. Ondoa busaa, weka majani na maji, na mtambo wa chang'aa unakuwa mtambo wa dawa. Jambo la kushangaza ni hili. Timoli, ambayo ndiyo roho ya mmea wa thaimu, huchemka kwenye nyuzi 232. Yujenoli ya karafuu huchemka kwenye nyuzi 254. Maji hapa Kitale, kwa kuwa tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Basi vipi mafuta yale yanatoka kwenye sufuria ambayo haijafika hata 100? Yanabebwa. Maji na mafuta havichanganyiki, kwa hiyo kila kimoja husukuma mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na misukumo miwili ikijumlishwa inaishinda hewa ya nje mapema. Mvuke wa maji unapanda, na kila pumzi yake inaondoka na chembe za mafuta. Kwenye mrija wa baridi vinarudi kuwa matone, na huko vinaachana: mafuta juu, maji chini.

Isipokuwa karafuu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Wenzetu wa Pemba wanalijua hilo. Pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda kinachokeneka mafuta kutokana na makonyo, yale mabua yanayobaki tumba la karafuu likishachumwa. Kitu ambacho mahali pengine kingetupwa jaani, pale kinatoa mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli. Mtu yeyote aliyewahi kuzibwa jino kwa muda ameionja: daktari wa meno huchanganya unga wa zinki na yujenoli, ikawa lipu. Ile harufu ya chumba cha daktari wa meno inayowafanya watoto walie kabla ya kuguswa ni harufu ya Pemba.

Sasa aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, sikitaji chuo, tulipewa kazi ya kupima mafuta kadhaa dhidi ya bakteria. Kipimo chenyewe ni rahisi hata kwa shule ya upili yenye maabara ya kawaida. Unachukua sahani ya kioo yenye agari, ile rojo ngumu inayotokana na mwani, unapaka bakteria juu yake sawasawa kama unavyopaka siagi kwenye mkate. Unakata kiduara cha karatasi kidogo kama tundu la mashine ya kutoboa faili, unakilowesha mafuta, unakiweka katikati. Sahani inalala kwenye kabati la joto la nyuzi 37. Asubuhi bakteria wameota wakaifunika rojo kwa ukungu mweupe, ila kuzunguka karatasi kumebaki duara safi, jeusi ukilitazama juu ya meza nyeusi. Unapima upana wake kwa rula. Duara pana, dawa kali. Ndivyo tulivyoambiwa.

Mimi nilimwaga mafuta ya thaimu kidogo mezani, nikayafuta kwa karatasi ya chooni, na kwa uvivu nikaiacha ile karatasi ndani ya kabati, kwenye rafu ile ile ya sahani. Asubuhi sahani yangu haikuwa na duara. Haikuwa na kitu. Rojo safi kutoka ukingo hadi ukingo. Niliruka kwa furaha kwa dakika moja hivi. Kisha mwenzangu akafungua zake, ambazo hazikuwa na thaimu hata kidogo, nazo zilikuwa tupu. Wiki moja ya kazi yake imekwenda. Bakteria wote wa rafu ile hawakuguswa na tone hata moja, walivutishwa hewa. Nilimnunulia chakula cha mchana kwa siku tano, na nikajifunza kitu ambacho kitabu kilikitaja kwa mstari mmoja: harufu yenyewe ndiyo mafuta. Ukiinusa, chembe zake zimeshakufikia.

Zinaua vipi? Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye utamu.

Bakteria ni mfuko. Ndani ya mfuko kuna maji yenye chumvi, protini na maandishi ya urithi. Mfuko wenyewe umeshonwa kwa mafuta. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba ukipanga laki moja, mmoja juu ya mwingine, hupati kitu kinene kuliko kadi ya benki. Na mafuta yanajuana na mafuta. Mama aliyekatakata pilipili akinawa kwa maji matupu halafu akajigusa jicho, anajua: ukali wa pilipili hauendi na maji, ila akipaka mafuta ya kula kwanza ndipo akanawa kwa sabuni, unaondoka. Timoli ni hivyo hivyo. Lita nzima ya maji inapokea kama gramu moja tu, ikitoshea hapo haitaki tena. Chembe zake zikiwa majini zinahangaika kama mgeni asiye na mwenyeji. Zikikutana na utando wa bakteria, zimefika kwao. Zinaingia, zinajipenyeza katikati ya nyuzi za utando na kuzisukuma kando.

Sasa fikirieni gunia la mahindi la kilo 90. Halijachanika, halijafunguka mdomo. Panya amepita tu, akalegeza nyuzi mahali hapa na pale. Kwa macho ni gunia zima. Lakini asubuhi kuna mahindi sakafuni, na kila ukilisogeza yanaongezeka. Ndivyo bakteria anavyokufa kwa mafuta ya harufu. Halipuki. Anavuja. Kitu cha kwanza kutoka ni potasiamu, chembe ndogo ya chumvi ambayo bakteria hutumia jasho jingi kuirundika ndani. Watafiti wakitaka kujua kama dawa imegusa utando, hawamtazami bakteria. Wanapima potasiamu kwenye maji aliyoogelea. Ikipanda, gunia limetobolewa.

Kuvuja kungekuwa hasara tu, isingekuwa kwamba utando huo huo ndio kituo cha umeme. Mmeshapita Kapenguria mkateremka hadi Turkwel? Ukuta wa mita 153 umesimama kwenye korongo, maji yamejaa nyuma yake, na yakishuka kwa nguvu yanazungusha mitambo ya megawati 106. Bakteria ana Turkwel yake. Anasukuma protoni nje ya utando hadi zirundikane, halafu anaziruhusu zirudi ndani kupitia kijimtambo kinachozunguka, kwa kweli kinazunguka, na kila mzunguko unatengeneza ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nguvu katika kila kiumbe hai. Timoli ikishalegeza ukuta, protoni zinapita popote. Ziwa linakauka bila mtambo kuzunguka. Bakteria anabaki gizani, na akiwa gizani hana nguvu hata ya kuziba matundu.

Si kila mafuta yana uwezo huo, na sababu yake inanipendeza kila nikiifundisha. Mwaka 2002 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walilinganisha ndugu wawili wa mafuta ya harufu: kavakroli na simeni. Wamefanana kama mapacha, isipokuwa kavakroli ina kichwa kimoja cha ziada, oksijeni iliyoshika haidrojeni. Waliwajaribu kwa Bacillus cereus, yule bakteria wa wali uliolala nje usiku kucha, anayemfanya mtu atapike kabla ya saa nne asubuhi. Kavakroli ilimuua. Simeni iliingia kwenye utando, ikauvimbisha, basi. Maelezo waliyoyapendekeza ni haya: kile kichwa kinaweza kuachia haidrojeni yake na kupokea nyingine. Kavakroli inaibeba protoni nje, inavuka utando, inaishusha ndani, na ikirudi inaondoka na potasiamu. Bodaboda. Haiendi tupu wala hairudi tupu, na kila safari inammaliza mwenye nyumba. Simeni ni pikipiki isiyo na kiti cha abiria. Ila msiidharau: kwa kuwa inauvimbisha utando, ikiwa pamoja na kavakroli kazi inakuwa nyepesi zaidi, na katika mimea mingi zinaishi pamoja. Mtu anayetenganisha mafuta ili apate "ile dawa yenyewe" wakati mwingine anamtupa msaidizi wa fundi.

Kichwa hicho cha oksijeni kwenye pete ya kaboni tunakiita fenoli, na historia yake ni ya hospitali. Tarehe 12 Agosti 1865, mtoto wa miaka 11 aliletwa katika hospitali ya Glasgow, mkokoteni umempita mguuni, mfupa umevunjika na ngozi imechanika. Enzi hizo jeraha la namna hiyo lilimaanisha usaha, na usaha ulimaanisha kukatwa mguu au kuzikwa. Daktari Joseph Lister alifunga jeraha kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki, yaani fenoli tupu. Baada ya wiki sita mtoto aliondoka na mguu wake. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka harufu ya sabuni nyekundu ya kaboliki. Fenoli hiyo ni binamu wa karibu wa timoli. Timoli ni fenoli iliyoota matawi mawili ya mafuta, na matawi hayo ndiyo yanayoipa uwezo mkubwa wa kuingia kwenye utando kuliko binamu yake. Miaka kumi na minne baadaye Wamarekani walichukua timoli, sineoli ya mkaratusi, na mentoli ya mnanaa wakatengeneza dawa ya kusukutua, wakaiita Listerine kwa heshima ya daktari yule. Soma nyuma ya chupa. Majani mliyoyafikicha sasa hivi nusu yake yamo humo.

Mdalasini unafanya kazi kwa njia nyingine, unashika protini za bakteria na kuzifunga zisifanye kazi, lakini nikiingia huko tutalala hapa.

Bakteria nao si wajinga. Mwaka 1884 Mdenmaki Hans Christian Gram, akiwa Berlin, aligundua kwamba ukiwapaka bakteria rangi ya zambarau halafu ukawaosha kwa spiriti, wengine wanabaki na rangi na wengine wanaipoteza. Ilichukua muda mrefu kujua kwa nini. Wale wanaoipoteza, kama E. coli na Salmonella, wamevaa koti la pili juu ya utando, na upande wa nje wa koti hilo umejaa sukari zinazopenda maji. Jani la nduma linavyolikataa tone la mvua, ndivyo koti hilo linavyolikataa tone la mafuta, kinyume chake. Kwa hiyo mafuta mengi yanamuua Staphylococcus, asiye na koti, kwa kipimo kidogo, na yanahitaji zaidi kwa E. coli. Timoli na kavakroli ni ndogo na kali, zinalipasua koti lenyewe. Lakini kuna mmoja anaitwa Pseudomonas, ana koti na ana pampu za kutapisha chochote kilichoingia. Katika karibu kila jaribio la mafuta ya harufu ninalolijua, Pseudomonas ndiye anayekuwa wa mwisho darasani, yaani wa kwanza kwa ubishi.

Sasa turudi nyumbani, kwenye kibuyu.

Majirani zetu wa Nandi na Sabaot, na wengine wengi mliomo humu, mnajua sotet, yaani kibuyu cha maziwa, inavyoandaliwa kabla ya mursik, maziwa ya kuchachusha. Kijiti cha mti wa senetwet kinachomwa hadi kaa jekundu, kinaingizwa ndani ya kibuyu, kinasagwa ukutani kwa sosiot, kile kijiti cha kusugulia, hadi ndani kuwe kweusi tii na kunukie moshi. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanaingia. Nimewasikia wasomi wawili wakibishana juu ya jambo hili, mmoja akisema ni mila ya ladha tu, mwingine akisema wazee waligundua dawa. Mimi nasema angalieni kemia. Mti ukiungua, sehemu yake ngumu inavunjika na kutoa fenoli, na mojawapo inaitwa guayakoli. Chukua guayakoli, ishike mkia mfupi wa kaboni tatu, unapata yujenoli. Moshi wa senetwet na karafuu ya Pemba ni watu wa ukoo mmoja. Harufu yao inakaribiana kwa sababu hiyo.

Lakini nisiwape moshi sifa isiyo yake. Mlinzi mkuu wa mursik ni asidi, ile inayotengenezwa na bakteria wazuri wanaochachusha maziwa. Moshi ni mlinzi msaidizi, na hapa kuna mpangilio mzuri kupita kiasi: fenoli hizi zinafanya kazi vizuri zaidi mahali penye uchachu, kwa sababu asidi inazifanya zikimbie maji na kukimbilia utando kwa nguvu zaidi. Pia zinafanya kazi pale zilipo, kwenye ukuta wa kibuyu, kwenye vinyweleo na nyufa ambazo huwezi kusugua. Kibuyu hakioshwi kwa dawa ya klorini. Ukuta wake ndio unaohitaji ulinzi, na ukuta ndio uliopakwa. Tatizo la moshi mnalijua, una sumu nyingine ndani yake zinazohusishwa na saratani, kwa hiyo simshauri mtu azidishe.

Na hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu wengi mliokuja leo mna ng'ombe. Nimeulizwa zaidi ya mara kumi: mwalimu, ikiwa mafuta ya kivumbasi yanaua Staphylococcus, na mastaitisi ya kiwele cha ng'ombe wangu inaletwa na Staphylococcus, kwa nini nisiyasukume ndani ya chuchu nikaachana na sindano za bei?

Swali zuri. Jibu liko kwenye neno moja: mkutano. Mafuta yanamuua bakteria wakikutana uso kwa uso bila mtu katikati. Kwenye sahani yangu ya kioo hapakuwa na mtu. Ndani ya kiwele kuna maziwa, na maziwa yamejaa mafuta. Timoli ikishuka humo inaona matone ya siagi mamilioni kwa mamilioni, yote ni jamaa zake, na inaingia kwenye nyumba ya kwanza iliyo wazi. Inayobaki kumtafuta bakteria ni kidogo mno. Protini za maziwa zinaishika nyingine. Halafu Staphylococcus mwenyewe hakai kwenye maziwa akingoja. Anajichimbia kwenye nyama ya kiwele, wengine ndani ya chembe za mwili wa ng'ombe, wengine chini ya utelezi wanaoutengeneza wao. Ukiongeza mafuta hadi yamfikie huko, umeshachoma kiwele. Utando wa chembe za ng'ombe nao ni mafuta. Timoli haiulizi huu ni wa nani.

Nje ya chuchu ni habari nyingine. Ngozi haina siagi ya kuyameza mafuta yale, na bakteria aliyebebwa na mkono wa mkamuaji kutoka ng'ombe huyu hadi yule anakutwa pale pale juu. Kuna watafiti wanaotengeneza dawa za kuchovyea chuchu zenye mafuta ya mimea, nami nina matumaini nazo. Hadi zitakaposajiliwa, chovyeni kwa aidini baada ya kukamua, kamulieni matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi mwone kama kuna mabonge, na aliye mgonjwa akamuliwe mwisho. Sindano ikihitajika, mwiteni daktari wa mifugo, na siku alizosema maziwa yamwagwe, yamwagwe. Najua inauma. Lakini maziwa yenye mabaki ya dawa yanawafundisha bakteria wa watu wengine, na hesabu ya dunia iliyochapishwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashika hawakusikia dawa.

Watu hunijibu: ndiyo sababu tuyatumie mafuta, bakteria hawawezi kuyazoea. Kuna ukweli ndani yake. Penisilini inashambulia sehemu moja, ile shughuli ya kujenga ukuta. Bakteria akibadili kitasa kimoja, ufunguo haufanyi kazi. Utando wote hawezi kuubadili kwa usiku mmoja. Ila pampu zipo. Miaka ya 1990 maabara moja ya Marekani iliwalea E. coli kwenye sabuni ya maji yenye mafuta ya msonobari, na walioota walikuwa wamefungua pampu zao hadi mwisho, na pampu hizo hizo zilitapisha na antibiotiki ambazo hawakuwahi kuziona. Anayemwaga mafuta kidogo kidogo kila mahali, chini ya kipimo kinachoua, anaendesha shule ya bakteria bila kutoza karo.

Kuna jambo jingine la kuwakera wale wanaotaka dawa ya jani iwe rahisi. Kivumbasi si kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa mafuta ya Ocimum gratissimum kutoka Meru, na takriban asilimia 69 yake ilikuwa yujenoli, karibu kama karafuu. Mmea wa jina hilo hilo huko Afrika Magharibi mara nyingi una timoli. Na kile kivumbasi kingine, Ocimum kilimandscharicum, kina kafuri, ile ile ambayo Waislamu wa pwani na wa hapa mjini huitumia kumwosha maiti. Kafuri haina kile kichwa cha fenoli nilichowaambia. Kwa bakteria ni dhaifu. Kwa kifua kilichobana na misuli inayouma, ni rafiki mzuri. Wakulima wa kikundi cha Muliru, kandokando ya msitu wa Kakamega, walilielewa hilo. Kwa msaada wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walipanda kivumbasi hicho shambani badala ya kuingia msituni, wakakeneka mafuta, na dawa yao ya kupaka, Naturub, ikafika madukani. Mwaka 2010 kikundi kilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Hawakusema inatibu homa ya matumbo. Waliuza kile ambacho mmea wao unakifanya.

Kafuri hiyo hiyo, wazazi, isikae mahali mtoto anapofika. Ikimezwa inaleta degedege haraka, na kiasi cha gramu 1 kimewahi kuua mtoto. Marekani imeweka kikomo cha asilimia 11 kwa dawa za kupaka. Mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto yanaharibu ini. Na watu wazima: tone moja la karafuu kwenye pamba, kwenye jino, usiku mmoja, mpaka umwone daktari. Mimi niliwahi kuweka pamba iliyolowa chapa, nikalala nayo. Jino lilinyamaza. Ufizi ulibabuka ukawa mweupe kama ngozi ya kuku aliyetiwa maji ya moto, na kwa wiki nzima nilikula uji.

Yasalimisheni majani kwenye vikapu mkitoka, ya kivumbasi nitayakausha. Na sasa maswali. Yule mama wa mstari wa pili ameinua mkono tangu nilipotaja kiwele, aanze yeye.